Mapitio ya xxd: zana ya kushika kwanza programu ya C inaposoma faili vibaya

Mtu anayeandika programu ya C ya kusoma faili la binari, yaani la baiti zisizo matini, liwe la picha, la sauti au la kumbukumbu za mauzo zilizohifadhiwa na programu nyingine, hukutana mapema na tatizo lisilokuja na ujumbe wowote wa kosa. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, inaupokea bila onyo, fopen inafungua faili, fread, inayosoma baiti zake, inarudi salama, kisha namba zinazochapishwa kwenye skrini hazifanani hata kidogo na zile zilizotarajiwa. Hapo wengi huanza kubadilisha msimbo kwa kubahatisha: aina ya namba int inageuzwa kuwa long, alama ya & inaongezwa au kuondolewa, na fseek, inayochagua nafasi ya kusoma, inasogezwa baiti moja mbele au nyuma mpaka matokeo yaonekane ya kuridhisha. Mapitio haya yanahusu zana ambayo, kwa maoni yangu, inapaswa kushikwa kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo huo. Zana hiyo ni xxd, na kazi yake kuu ni kuonyesha baiti za faili kama zilivyo kwenye diski, kwa namba za heksadesimali (za msingi wa 16), bila kuzipa maana yoyote.

Programu hii iliandikwa na Juergen Weigert katika miaka ya 1990, na husambazwa pamoja na kihariri cha matini cha Vim. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, ina kifurushi chake chenye jina hilohilo, kwenye macOS huja na mfumo, na kwenye Windows hupatikana kwa kufungua Git Bash, dirisha la amri linalosakinishwa na Git for Windows. Hailipiwi. Vim yenyewe hutolewa bure, pamoja na ombi kwamba anayefaidika nayo afikirie kuwachangia watoto wa Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na Tanzania, ambako Bram Moolenaar, mwanzilishi wa Vim, alijitolea kwa karibu mwaka mzima mnamo 1994 katika kituo cha watoto, akishughulika pia na maji na usafi wa mazingira. Anayezungumzia bei ya zana hii hana budi kulitaja ombi hilo, hasa anapowaandikia wasomaji wa Afrika Mashariki.

Thamani ya xxd huonekana vizuri zaidi kwenye faili halisi. Tuchukue picha ya BMP yenye upana wa pikseli 640, urefu wa pikseli 480 na biti 24 kwa kila pikseli. Amri ya xxd -l 32 picha.bmp huchapisha baiti 32 za mwanzo:

00000000: 424d 3610 0e00 0000 0000 3600 0000 2800  BM6.......6...(.
00000010: 0000 8002 0000 e001 0000 0100 1800 0000  ................

Safu ya kushoto ni nafasi ndani ya faili, kwa heksadesimali. Katikati kuna baiti 16 kwa kila mstari, zikiwa zimepangwa mbilimbili, na upande wa kulia zinaonekana herufi za baiti zile zinazoweza kuchapishwa, huku nyingine zikiwekewa nukta. Baiti mbili za kwanza, 42 na 4d, ni herufi B na M, ambazo ndizo alama ya aina hii ya faili. Nne zinazofuata, 36 10 0e 00, ni ukubwa wa faili, na kwa kuwa katika BMP baiti ya thamani ndogo hutangulia, tunazisoma kama 0x000e1036 (0x ni alama ya heksadesimali), yaani 921,654. Hesabu inakubali: 640 mara 480 mara 3 ni 921,600, na zinazobaki 54 ni vichwa viwili, kimoja cha baiti 14 na kingine cha baiti 40.

Sasa tumpe mwanafunzi kazi ya kusoma kichwa cha kwanza. Karibu kila mmoja ataandika muundo (struct) wenye uint16_t, namba ya baiti mbili, kwa aina ya faili, uint32_t, ya baiti nne, kwa ukubwa, uint16_t mbili za akiba, na uint32_t kwa mahali pikseli zinapoanzia, kisha ataujaza wote kwa fread moja. Ukijumlisha vipengele hivyo kwenye karatasi unapata baiti 14, lakini sizeof, inayotaja ukubwa wa muundo, itajibu 16, kwa sababu kompaila za kawaida huacha baiti mbili tupu baada ya kipengele cha kwanza ili uint32_t ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. fread haijui habari hizo. Inamwaga baiti 16 za faili kwa mfululizo, na 36 10 zinaangukia katika nafasi tupu. Kipengele cha ukubwa kinapokea 0e 00 00 00, na programu inachapisha kwamba faili lina baiti 14. Mahali pa kuanzia pikseli panapokea 00 00 28 00, na inachapishwa 2,621,440.

Nimelikawilia kosa hili kwa sababu hudanganya kwa namna mbaya. Namba 14 ni ukubwa halali wa kichwa, kwa hiyo anayeiona anaweza kuamini kwamba sehemu hiyo imesomwa vizuri, akaenda kutafuta kosa kwingine. Na hasara haikomi hapo. Kichwa cha pili kinaanzia nafasi ya 14, lakini baada ya fread ile faili limeshasogea hadi nafasi ya 16, kwa hiyo upana unasomwa kutoka baiti 00 00 e0 01 na kuwa 31,457,280, ambayo kwa kweli ni urefu wa picha, 480, uliozidishwa kwa 65,536. Hakuna kubahatisha kutakakoleta maelezo ya namba hiyo. Lakini mtu mwenye mistari miwili ya xxd mbele yake, akiandika 31,457,280 kwa heksadesimali na kupata 0x01e00000, ataziona e0 01 palepale kwenye mstari wa pili, na atajua kwamba usomaji wake umetangulia kwa baiti mbili kamili. Akishajua kuwa tofauti ni mbili, sababu haiko mbali.

Kuhusu dawa yenyewe, wapo wanaotumia #pragma pack ili kuizuia kompaila isiache nafasi, na kwa kompaila nyingi njia hiyo inafanya kazi. Mimi napendelea kusoma baiti 14 katika safu ya unsigned char (baiti zisizo na alama ya hasi), kisha kuijenga kila namba kwa kuhamisha biti, nikibadilisha kila baiti kuwa uint32_t kabla ya kuihamisha. Njia hii ina mistari mingi zaidi, lakini inamaliza pia tatizo la mpangilio wa baiti, yaani ipi hutangulia, ambalo pack hailigusi kabisa.

Kwa mpangilio wa baiti xxd ina chaguo la -e, linalozigeuza baiti ndani ya kila kundi ili namba ya aina ya BMP isomeke moja kwa moja. Amri ya xxd -e -g 4 -s 18 -l 8 picha.bmp inaruka hadi nafasi ya 18 na kuonyesha 00000280 na 000001e0, yaani 640 na 480. Hivyo ndivyo ninavyohakikisha kwamba nafasi niliyoisoma kwenye maelezo ya muundo wa faili ni sahihi kabla sijaiandika kwenye msimbo. Kwa PNG, aina nyingine ya faili la picha, chaguo hilo halitakiwi, kwa kuwa PNG huanza na baiti ya thamani kubwa: upana wa 640 umeandikwa 00 00 02 80, na programu inayousoma kwa fread moja kwa moja kwenye uint32_t katika kompyuta ya kawaida ya Intel itapata 2,147,614,720. Katika WAV, faili la sauti, mambo hurudi kama ya BMP, na kiwango cha sampuli 44,100 huonekana kama 44 ac 00 00.

Nimeitaja PNG, na kuna sababu nyingine ya kukaa nayo kidogo. Alama yake ya mwanzo ina baiti nane: 89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a. Waliozichagua walikusudia zifichue uharibifu unaotokea faili la binari linaposhughulikiwa kama matini, na kwa anayesoma mafaili kwa C kwenye Windows ni kipimo cha bure. Ukifungua faili kwa "r" badala ya "rb" (b ni ya binari) kwenye mfumo huo, maktaba ya C hugeuza 0d 0a kuwa 0a, na ikikutana na 1a inahesabu kwamba faili limeisha. Kwa hiyo programu inayoomba baiti nane za alama hiyo inapewa tano tu: 89 50 4e 47 0a. Msimbo huohuo ukikompailiwa kwenye Linux unafanya kazi bila kasoro, kwa kuwa huko herufi b haibadilishi kitu, na ndiyo maana kosa hili huonekana siku ya kukabidhi kazi kwenye mashine ya mtu mwingine. Ikiwa faili liliandikwa kwa "w" kwenye Windows, madhara yako ndani ya faili lenyewe: xxd itaonyesha 89 50 4e 47 0d 0d 0a 1a 0d 0a, baiti kumi mahali pa nane, na hapo hakuna marekebisho ya msimbo wa kusoma yatakayoliokoa.

Mbinu inayonisaidia sana katika hali hiyo ni kulinganisha faili lisilo na kasoro na nakala iliyoharibika kwa -p -c 1, ambapo xxd huandika baiti moja kwa kila mstari bila safu ya nafasi. Matokeo ya mafaili yote mawili yakipitishwa kwenye diff, amri ya kulinganisha mafaili, kila 0d iliyoingizwa hujitokeza peke yake. Ukilinganisha kwa mpangilio wa kawaida wa baiti 16, baiti moja iliyozidi inasukuma zote zinazofuata, na diff inadai kwamba mistari yote kuanzia hapo imebadilika.

Baiti ya kwanza ya PNG, 89, hufundisha jambo jingine. xxd inaonyesha 89, lakini programu inayochapisha kwa %02x kutoka kwenye safu ya char mara nyingi huonyesha ffffff89, na sharti linalouliza kama baiti hiyo ni sawa na 0x89 linakataa. Kwenye Linux ya Intel char ina alama ya hasi na chanya, kwa hiyo baiti hiyo inakuwa -119 kabla ya kulinganishwa. Kwenye Linux ya ARM, kwa kawaida, char haina alama, na sharti lilelile linakubali. Tofauti hiyohiyo inawapata wanaohifadhi jibu la fgetc, inayosoma baiti moja, katika char badala ya int: upande mmoja baiti ya ff inachukuliwa kuwa EOF (ishara ya mwisho wa faili) na usomaji unakatika katikati ya faili, upande mwingine EOF haitambuliki kamwe na kitanzi hakiishi. Ukiona programu inakatika mahali palepale kila mara, tazama kwa xxd -s kama hapo pana ff.

Kwa mafaili ya kumbukumbu zenye ukubwa mmoja, chaguo la -c ndilo linalostahili sifa kubwa kuliko yote. Kila kumbukumbu ikiwa na baiti 24, xxd -c 24 huweka kumbukumbu moja kwa kila mstari, na vipengele vyote hujipanga kwa safu wima: tarehe chini ya tarehe, bei chini ya bei. Kumbukumbu iliyoandikwa kwa baiti pungufu hujionyesha papo hapo, kwa kuwa kuanzia hapo safu zote zinapinda. Hivyo ndivyo inavyogundulika kwamba faili liliandikwa kwenye Linux ya biti 64, ambako long ni baiti 8, na linasomwa na programu ya Windows ambako long ni baiti 4. Vilevile hivyo ndivyo unavyoweza kumthibitishia anayetumia while (!feof(f)), yaani kusoma mpaka feof iseme faili limeisha, kwamba kumbukumbu ya mwisho, ambayo programu yake inaichapisha mara mbili, imo kwenye faili mara moja tu; feof hukubali baada ya jaribio la kusoma kushindwa, kwa hiyo kinachopaswa kuangaliwa ni jibu la fread yenyewe. Kikomo cha -c ni 256, na mwenye kumbukumbu kubwa kuliko hapo hana njia nyepesi ndani ya zana hii.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie od, iliyopo kwenye Unix tangu 1971 na kwenye karibu kila mashine ya aina hiyo, au hexdump. Zote mbili ni zana nzuri za kuonyesha baiti, lakini mipangilio yake ya awali inampotosha mgeni. hexdump bila chaguo lolote husoma baiti mbilimbili kama namba ya mashine, kwa hiyo kwenye kompyuta ya Intel mwanzo wa BMP yetu unaonekana kama 4d42 badala ya 424d, na anayechunguza tatizo la mpangilio wa baiti anaongezewa tatizo la pili. od hufanya vivyo hivyo na kuandika kwa namba za msingi wa nane, 046502, ambazo watu wachache leo huzisoma kwa urahisi. Ni lazima ukumbuke hexdump -C au od -t x1. Tena zote mbili hufupisha mistari inayojirudia kwa kuweka nyota, jambo linalookoa nafasi lakini linalovuruga ulinganisho. xxd huonyesha baiti kwa mpangilio wake wa kwenye faili bila kuambiwa, na haifichi mstari mpaka uombe kwa -a.

Kasoro zake zipo na ni za kweli. Iliyo mbaya zaidi iko kwenye -r, inayogeuza heksadesimali kuwa faili la binari tena. Ni chaguo lenye faida kubwa, kwa kuwa linakuwezesha kutengeneza faili la majaribio lenye kosa ulilolikusudia, kwa mfano BMP inayodai upana wa sifuri, na kuona programu yako itafanya nini. Lakini xxd -r haitoi ujumbe wowote ikikutana na maandishi isiyoyaelewa, huyaruka kimyakimya. Ukikosea kuandika tarakimu moja, utapata faili lililo tofauti na ulilolitaka bila onyo. Pia hailifupishi faili la matokeo lililokuwepo tayari, bali huandika juu yake, hivyo mabaki ya zamani yanaweza kubaki mwishoni. Anayehariri ndani ya Vim kwa :%!xxd akumbuke kulifungua faili kwa vim -b, la sivyo Vim inaweza kuongeza 0a mwishoni, na ajue kwamba mabadiliko anayoyafanya kwenye herufi za upande wa kulia hayahesabiwi. Matokeo ya -e nayo hayarudishwi kwa -r.

Upungufu mwingine ni kwamba xxd haijui chochote kuhusu muundo wa faili. Haitakuambia kwamba baiti hizi nne ni upana. Hiyo ni kazi yako na ya maelezo ya muundo husika. Kwa faili lenye sehemu nyingi zinazoelekezana, ImHex, ambayo ni bure na ina dirisha lake, au 010 Editor inayolipiwa, hukuwezesha kueleza muundo mara moja na kuona kila sehemu ikiwa na jina lake. Kwa anayechambua faili asilolijua kwa muda mrefu, ningependekeza mojawapo ya hizo. Kwa mwanafunzi anayeanza, bado ningempa xxd, kwa sababu itamlazimu kuhesabu nafasi mwenyewe, na hesabu hiyo ndiyo anayohitaji kuiandika kwenye msimbo wake.

Wala xxd haioni kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Ikiwa faili ni zima lakini programu inaanguka, huenda urefu uliosomwa kutoka kwenye faili umetumika kujaza bafa (eneo la RAM lililotengwa) iliyo ndogo, na hapo inafaa kukompaili kwa -fsanitize=address au kuendesha Valgrind, ambazo hunasa makosa ya RAM. Mahali zana hii inapokutana vizuri na nyingine ni kwenye gdb, zana ya kusimamisha programu na kuichunguza. Simamisha programu mara tu baada ya fread, andika x/16xb &kichwa, na uweke baiti hizo 16 kando ya mstari wa kwanza wa xxd. Zikitofautiana, kagua hali ya kufungua faili, nafasi ya fseek na jibu la fread. Zikiwa sawasawa kabisa huku vipengele vya muundo vikitoa namba zisizo na maana, acha msimbo wa kusoma kama ulivyo, nenda kwenye tangazo la muundo, na uchapishe sizeof na offsetof (nafasi ndani ya muundo) za kila kipengele.